Simu Yangu Ilisema Maji Yana Sumu

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Gachoka, nikifunzwa na ulimwengu yale ambayo chuo kikuu hakikunifunza. Leo nataka kuwasimulia, ingawa hadithi yenyewe inaniaibisha kidogo.

Kwa msiopajua, Gachoka iko Mbeere Kusini, kaunti ya Embu, kwenye barabara inayotoka Embu mjini kuelekea Kiritiri. Hadi uchaguzi wa 2007 jina hilo lilikuwa la eneo bunge zima. Tangu 2013 linaitwa Mbeere Kusini. Ni nchi ya muguka, ndengu na mahindi, ya jua kali na mvua ya kubahatisha. Maji ya bomba hayafiki kila boma, kwa hiyo watu wengi wanategemea mito, vijito na mabwawa, na punda mwenye mitungi ya lita 20 mgongoni. Maji yale yale yanapikiwa ugali, yananywesha mbuzi, na yakibaki yanamwagilia nyanya.

Na ni nyanya zilizoanzisha haya yote. Mjomba wangu ana shamba dogo la nyanya kando ya kijito. Nilipofika nyumbani nilikuta majani yake yamejikunja, mashina yamepinda, mimea imedumaa. Mjomba alikuwa na jibu tayari: jirani wa upande wa juu alipulizia mahindi yake dawa ya kuua magugu, mvua ikanyesha, dawa ikaingia kijitoni, na maji ya kijito yakaua nyanya. Alichotaka ni ushahidi tu.

"Kijana, wewe si ulisomea kompyuta? Hebu tuambie haya maji yana nini."

Ndugu yangu msomaji, kuna jibu moja la heshima kwa swali hilo: "Sijui, mjomba." Mimi nikasema, "Nipe wiki mbili."

Niliagiza kupitia mtandao vijikaratasi vya kupimia dawa ya magugu. Vinafanana na vile vya kupimia ujauzito: unachovya kwenye maji, unasubiri, mistari inatokea. Kwa kuwa jicho la mtu linaweza kudanganya, nikaandika programu ya simu inayopiga picha ya kijikaratasi, inasoma ukolezi wa rangi ya mstari, kisha inatoa jibu: kijani kama maji ni salama, nyekundu kama yana sumu. Kazi ya jioni mbili. Nilijiona fundi kwelikweli.

Tukaenda kijitoni saa saba mchana, mjomba, mimi na watoto sita waliokuja kutazama. Simu ikasema: nyekundu. Mjomba akaomba nimtumie picha ile. Kabla ya jioni ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kesho yake asubuhi alikuwa amevaa koti kwenda kwa chifu kumshtaki jirani.

Usiku ule nilikuwa nimelala vibaya. Kitu kilinisumbua. Mtu anayeandika programu anajua kwamba kabla ya kuamini jibu usilolijua, unaipa programu yako swali ambalo jibu lake unalijua. Mimi sikufanya hivyo. Basi asubuhi ile, mjomba akitafuta fimbo yake, nikakimbia kupima maji ya mvua ya kwenye tangi la mama. Jua lilikuwa limeshapanda. Nyekundu. Nikapima maji ya chupa ya dukani. Nyekundu. Nikaingia ndani ya nyumba, kwenye kivuli, nikapima tena maji ya kijito. Kijani.

Kumbe vijikaratasi vya aina hii hufanya kazi kinyume na mtu anavyodhani: sumu ikiwepo, mstari hufifia. Na jua la Mbeere hufifisha kila kitu kwenye picha. Juu ya hayo, kamera ya simu hurekebisha weupe yenyewe bila kukuuliza. Programu yangu ilikuwa inapima mwanga wa jua, ikauita sumu.

Nikamwomba mjomba avue koti. Alivua, lakini hakufurahi, nami simlaumu.

Halafu nikagundua kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Vijikaratasi vyangu vilikuwa vya atrazini. Mzee mmoja wa kwetu, afisa wa kilimo aliyestaafu, alitazama nyanya zile kwa muda mfupi tu akasema kujikunja kwa namna ile kunafanana na madhara ya 2,4-D, dawa inayoua magugu ya majani mapana kwenye mahindi na nafaka nyingine. Nyanya ni mimea ya majani mapana pia, na inaumizwa na kiasi kidogo sana cha dawa hiyo. Kijikaratasi cha atrazini hakiijui 2,4-D hata kidogo. Kwa hiyo hata programu yangu ingekuwa safi, bado ningekuwa nampimia malaria mtu anayeumwa jino.

Mzee yule akatufundisha kipimo kisichohitaji simu. Chukua mikebe tisa, jaza udongo wa mahali pamoja, panda miche midogo ya nyanya na mbegu za maharagwe. Mitatu mwagilia maji ya mvua. Mitatu maji ya kijito. Na mitatu ya mwisho, akasema huku akimtazama mjomba, mwagilia maji ya kusuuzia pampu yako ya mgongoni.

Wiki moja na nusu baadaye mikebe ya maji ya mvua ilikuwa inapendeza. Ya maji ya kijito vilevile. Ya maji ya pampu ilikuwa imejikunja kama nyanya za shambani.

Mjomba alitumia pampu ile kupulizia mahindi yake mwenyewe dawa ya magugu, akaisuuza mara moja, kisha akaitumia kupulizia nyanya mbolea ya majani. Jirani hakuwa na hatia. Na nilipomuuliza mjomba huwa anaisuuzia wapi pampu yake, alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kijitoni.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Tuseme dawa ya 2,4-D ina gramu 720 kwa lita, na mkulima anaweka mililita 100 kwenye pampu ya lita 20. Hizo ni gramu 72 ndani ya pampu, yaani gramu 3.6 katika kila lita. Tuseme nusu lita imebaki chini na inamwagwa mtoni wakati wa kusuuza. Hiyo ni gramu 1.8, sawa na mikrogramu 1,800,000. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 30 za 2,4-D kwa lita moja ya maji ya kunywa. Gawanya. Nusu lita ile inahitaji lita 60,000 za maji safi ili ishuke hadi kiwango hicho. Hiyo ni mitungi 3,000 ya punda. Ukitumia kipimo cha Umoja wa Ulaya, ambao hauruhusu zaidi ya mikrogramu 0.1 kwa lita kwa dawa yoyote moja ya shambani, utahitaji lita milioni 18. Haya yote ni kwa pampu moja na asubuhi moja.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kila nikikutana na vijana wenzangu wa kompyuta Nairobi, kuna mmoja anayetengeneza kifaa cha bei nafuu cha kupima maji, chenye waya mbili, kadi ya simu na ramani ya rangi. Nami nilikuwa mmoja wao. Nasema hivi: kwa dawa za magugu, kipimo kimoja cha bei nafuu kinachojibu kila kitu hakipo, na kujifanya kipo kunaweza kugombanisha majirani au kuwanywesha watu sumu wakiwa wametulia. Tunachohitaji ni ngazi ya vipimo, kila kimoja kikijua mipaka yake.

Anza na kile kikalamu cha TDS kinachouzwa kila mahali. Watu wengi wanaamini kinapima usafi wa maji. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi, na kutokana na hilo kinakadiria chumvi zilizoyeyuka. Namba yake ndogo kabisa ni miligramu 1 kwa lita, ambayo ni mikrogramu 1,000. Marekani inaruhusu mikrogramu 3 za atrazini kwa lita ya maji ya kunywa. Hata maji yangekuwa na mara kumi ya kiwango hicho, kikalamu chako hakingetikisika. Muuzaji akikwambia kinaonyesha dawa za shambani, muage kwa heshima uondoke. Na tukiwa hapo: kuchemsha maji kunaua vijidudu, endelea kuchemsha, lakini hakuondoi atrazini.

Ngazi ya kwanza basi ni mikebe. Usiidharau. Wataalamu wa kimataifa wana kipimo rasmi cha aina hiyo: wanatumia mmea mdogo unaoelea majini uitwao Lemna, wanauweka kwenye maji yanayoshukiwa kwa siku 7 na kuhesabu jinsi unavyozaana. Shirika la OECD lilitoa mwongozo wake mwaka 2006. Kuna kingine cha mwani kinachochukua saa 72. Uzuri wa mmea ni kwamba haukuulizi jina la dawa, ukiumia, umeumia. Ubaya ni huo huo: haukwambii jina. Na kiasi kidogo kinachoweza kumhusu mnywaji wa kila siku mmea unaweza kukivumilia bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo mikebe yetu haikuthibitisha kwamba kijito chetu ni safi. Ilithibitisha tu kwamba siku ile, maji yale hayakuwa na dawa ya kutosha kukunja nyanya. Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye kila mwanafunzi wa kompyuta anamfahamu, alituonya zamani kwamba kupima programu kunaweza kuonyesha kuwa kasoro zipo, lakini hakuwezi kuonyesha kwamba hazipo. Maji nayo ni vivyo hivyo.

Ngazi ya pili ni kipimo kinachoitwa ELISA. Hiki kinatumia kingamwili, zile zile askari za mwilini, ila hizi zimetengenezwa kunasa aina moja ya dawa. Sampuli inawekwa kwenye kisahani chenye vishimo 96. Dawa iliyo kwenye maji inagombea nafasi na dawa nyingine iliyofungiwa kimeng'enya kinacholeta rangi. Maji yakiwa na dawa nyingi, rangi inakuwa hafifu. Kisha mashine ndogo inasoma rangi hiyo mahali palipofungwa, penye mwanga wake yenyewe, si jua la saa saba. ELISA inaweza kugundua atrazini iliyo chini ya mikrogramu 1 kwa lita, na kuna za 2,4-D na za glifosati pia. Ukitenga vishimo 16 kwa ajili ya maji yenye kiasi kinachojulikana (yaani swali ambalo jibu lake unalijua!), unabaki na 80, ambavyo vinatosha sampuli 40 zikipimwa mara mbili mbili. Ubaya wake: kila dawa inataka kisahani chake, na kingamwili wakati mwingine huchanganya ndugu. Ya atrazini huweza kuitikia propazini pia.

Ngazi ya tatu ni mashine kubwa, kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Kwanza maji hupitishwa kwenye kijibomba chenye unga unaonasa kemikali, ili zikusanyike. Halafu mashine inazitenganisha, kama matatu zinazoondoka Embu pamoja lakini kila moja inafika Nairobi kwa wakati wake. Kila inayofika inapimwa uzito wa molekuli, inavunjwa, na vipande vyake vinapimwa tena. Mbili zikifanana kwa wakati, zitatofautiana kwa vipande. Huu ndio ushahidi wa kwenda nao kwa chifu, au mahakamani. Kwa njia ya namna hii watafiti wa icipe ya Nairobi na wenzao wa Ujerumani walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa mito ya Kenya inayoingia Ziwa Victoria, wakakuta kemikali nyingi, dawa za shambani zikiwemo.

Lakini hata mashine kubwa ina mtego. Glifosati, ile ya Roundup ambayo kila agroveti inauza, inayeyuka majini vizuri mno kiasi kwamba haishikiki kwenye kijibomba cha kawaida. Inahitaji utaratibu wake wa pekee. Kwa hiyo unaweza kupewa ripoti ndefu ya dawa mia na zaidi, zote "hazikugunduliwa", kumbe ile inayotumika zaidi kijijini kwenu haikutafutwa. Siku zote uliza: mlitafuta nini?

Na kuna suala la lini. Dawa ya magugu haikai mtoni ikikusubiri. Inakuja na mvua ya kwanza baada ya kupulizia, inapita kwa saa au siku chache, inakwenda zake. Kwetu Mbeere mvua tunayoitegemea zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba, halafu ile ya Machi hadi Mei. Ukichota sampuli Agosti, maji yametulia na yanapendeza, utapata jibu zuri lisilo na maana. Ni kama kukagua seva saa tisa usiku na kutangaza kwamba haielemewi kamwe. Ndiyo maana wataalamu huacha mtoni vinasio vinavyokusanya kemikali kwa wiki kadhaa, badala ya kutegemea chupa moja ya siku moja.

Sasa swali la uchungu. Kirinyaga na Embu tunalima mishiri ya kwenda Ulaya. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipoongeza ukaguzi wa maharagwe ya Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, nchi nzima ilihangaika, na maabara ya KEPHIS kule Nairobi ina mashine za kazi hiyo. Vizuri. Lakini fungua Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, jedwali la kwanza, linalohusu vyanzo vya maji ya matumizi ya nyumbani. Utakuta nitrati, floridi, risasi, kadimi, vijidudu vya kinyesi. Dawa ya magugu hata moja haimo. Mshiri wa kuliwa London unapimwa. Maji ya mtungi wa punda wa Gachoka hayapimwi, na jedwali hilo halisemi kwamba yapimwe dawa ya magugu.

Nilijaribu kulipia mwenyewe kipimo cha mashine kubwa. Bei niliyotajiwa kwa sampuli moja ilizidi kodi yangu ya nyumba ya mwezi. Mkulima wa ndengu hawezi, na hapaswi.

Ningependekeza hivi. Embu mjini kuna ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji inayosimamia bonde la Tana, na kuna Chuo Kikuu cha Embu kilichopata hati yake 2016. Wakae pamoja na kaunti. Kisahani kimoja cha 2,4-D na kimoja cha atrazini katika wiki ya kwanza ya kila mvua, sampuli 40 kutoka mito na vijito vya Mbeere na Embu. Zile zinazoonekana na dawa, hizo tu, zipelekwe kwenye mashine kubwa. Glifosati ipimwe kwa njia yake. Matokeo yawekwe wazi, faili ghafi, mtu yeyote apakue.

Na sisi wa kompyuta? Kazi yetu ipo, ila si ile ya kutafuta umaarufu. Tutengeneze hifadhidata inayoandika mahali, tarehe, mvua ilinyesha lini, kipimo gani kilitumika, na kiwango cha chini ambacho kipimo hicho kinaweza kuona. Na tafadhali, wenzangu, "haikugunduliwa" si sifuri! Ukiweka 0 pale ambapo maabara ilisema "chini ya 0.5", umetunga data. Na "haikutafutwa" ni jibu la tatu, tofauti na yote mawili. Ukishindwa kutenganisha hayo matatu, usichore ramani ya kijani na nyekundu.

Programu yangu nimeifuta. Mjomba amenunua pampu ya pili na kuiandika kwa rangi nyekundu MAGUGU. Maji ya kusuuzia sasa anayapulizia tena kwenye mahindi yale yale, mbali na kijito. Jumapili iliyopita alikwenda kwa jirani na kuku mmoja. Hakumwambia kisa ni nini, na jirani hakuuliza, lakini nadhani lile kundi la WhatsApp lilikuwa limeshamfikia.

Kuhusu kijito, bado sijui kina nini. Watoto wanachota kila asubuhi.

Kama unafanya kazi maabara na nimekosea mahali, nisahihishe hapo chini. Tuonane wiki ijayo.